Nani Atabisha Hodi

Aliingia uani kwetu Lipangalala mchana wa jua kali, mwezi wa tisa mwaka tisini na saba, akisukuma baiskeli ya kiume iliyokatika mnyororo. Hakutanguliwa na mtu wala habari. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele. Jirani yetu Mama Nazari alikuwa amekalia kinu kilicholazwa ubavu, amenyoosha miguu, anatusimulia kisa ambacho nusu yake nilijua ni uongo. Mimi nilikuwa nasoma gazeti la zamani, ukurasa wa nafasi za kazi, ingawa nilijua kazi zile zilikwisha kupata wenyewe.

"Hodi," akasema yule mama wa Kizungu.

"Karibu," tukaitikia wote, japo alikwisha kuingia.

"Asante. Ninatafuta mtaa."

Mama Nazari akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mtaa si huu? Umeukanyaga."

"Hapana. Ninatafuta mtaa wa kuishi."

Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Alikuwa mtu mzima, umri wa mama yangu au zaidi, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mikono myeusi kwa grisi. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akamgeukia mama naye akampa shikamoo, akampa na Mama Nazari, na nadhani angempa na jogoo kama angekuwa karibu. Mama akamsogezea kigoda na kikombe cha maji.

Jina lake lilikuwa Birgit. Mama, ambaye hawezi kuliacha jina la mtu bila kulimalizia, akamwita Birgita papo hapo, na tangu siku hiyo akawa Mama Birgita. Alitoka Denmark, amekuja kufundisha wauguzi wanafunzi kwa miaka miwili. Waliomleta walikuwa wamempa nyumba kule kwenye senyenge, ambako wageni wote huishi na ambako sisi tunakuita Ulaya. Mtu akitaka kukuelekeza njia atakuambia, "Pita Ulaya, halafu kata kushoto kwenye mnazi."

"Usiku wa kwanza niliogopa," alisema Mama Birgita. "Usiku wa pili nikasoma kitabu. Asubuhi nikanunua baiskeli, nikasema nitakwenda kila mtaa, niulize swali moja."

"Swali gani?" nikauliza.

"Nisipofungua mlango asubuhi, nani atabisha hodi?"

Mama Nazari akaangua kicheko, akapiga na makofi juu yake. Mama yangu naye akacheka ndani ya ungo. Lakini mgeni hakucheka. Alisubiri tumalize, kisha akatueleza habari ya bwana mmoja wa kwao. Walikuwa wanaishi ghorofa ya tatu, mlango kwa mlango. Siku moja redio ya yule bwana ilianza kuimba na haikunyamaza, mchana na usiku. Mama Birgita alivumilia, halafu akagonga ukuta ili apunguze sauti. Akagonga na kesho yake. Walipokuja kuvunja mlango, yule bwana alikuwa amekufa wiki nzima.

Mama aliacha kupepeta. "Alikuwa hana watu?"

"Alikuwa na mimi," alisema Mama Birgita. "Tulikuwa tumegawana ukuta."

Hapo lazima niseme jambo moja kuhusu mimi. Nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu mwezi wa saba, na tasnifu yangu ilihusu ujirani. Niliandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba watu wa bonde la Kilombero wanaishi pamoja kwa namna ambayo dunia nzima ingefaa kuja kujifunza. Mwalimu wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: Umewahi kukaa huko? Nilikasirika, maana nilizaliwa huko. Na sasa dunia ilikuwa imekuja kujifunza, kwa baiskeli, uani kwetu. Ilibidi niangalie pembeni machozi yasionekane.

"Mama," nikamwambia mgeni, "mimi nitakutembeza."

Sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Tulianzia sokoni, kwa Haidari muuza duka. Nyuma ya duka lake kulikuwa na vyumba viwili vizuri, saruji chini, bomba uani, dirisha lenye nondo. Watu wa Haidari walitoka pwani zamani za babu yake na hawajawahi kulima hata tuta moja. Mkewe, Mwanamvua, alitukaribisha kwa maandazi, akamsikiliza Mama Birgita mpaka mwisho, akafikiri.

"Asubuhi hiyo hiyo?" akauliza. "Hapana, dada yangu, nisikudanganye. Asubuhi nina maandazi, nina watoto wa madrasa, nina huyu bwana ambaye hajui soksi zake zilipo. Nitaona hujafungua, nitasema amelala. Adhuhuri, nikishasali, hapo nitakuja kubisha."

"Adhuhuri," Mama Birgita akarudia.

"Adhuhuri. Na usipofungua nitamwita Haidari avunje."

Tukashukuru tukatoka. Njiani nilishindwa kujizuia. "Umesikia, mama? Adhuhuri! Mtu anaweza kufa mara mbili mpaka adhuhuri. Biashara ikishaingia moyoni mwa watu ndivyo inavyokuwa." Nilimhurumia Mwanamvua kwa dhati.

Tukaenda upande wa Lumemo. Nyumba ilikuwa nzuri, karibu na mto. Mwenye nyumba aliposikia swali alijikuna kidevu. "Hapa hakuna haja ya mtu kubisha," alisema. "Mvua zikianza, maji yenyewe yatakuamsha."

Tukamaliza Lipangalala, kwenye nyumba ya kaka yake Mama Nazari, iliyotazamana na yetu. Matofali ya kuchoma, bati, saruji imefika nusu ya sebule na kuishia hapo. Kaka mwenyewe alikuwa Mahenge na hakuonyesha dalili ya kurudi. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa mlangoni kabla hatujafika. Mama Birgita alipouliza swali lake, zilitoka sauti sita kwa mpigo.

"Mimi!"

"Mimi kabla yako!"

"Wewe unayeamka jua la utosi?"

"Mama Birgita," alisema Mama Nazari akiwatuliza kwa mkono, "sisi tutakubishia mpaka uombe kuhama."

Mama yangu yeye alisema neno moja tu. "Utabishiwa."

Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasimama katikati ya sebule, kwenye mpaka wa saruji na udongo, nikasema, "Ninakuahidi, mama. Kila asubuhi, mimi mwenyewe."

Alihamia mwezi wa kumi. Ahadi ya mtaa ilitimizwa, tena ikapitilizwa. Saa kumi na mbili kasoro alibisha Mama Nazari na uji. Baada yake alibisha mama yangu kuuliza kama uji wa Mama Nazari unanyweka. Wakafuata watoto waliotaka kuona anavyopiga mswaki, na mzee mmoja wa nyumba ya tatu ambaye kila siku aliulizia habari za malkia wao. Ilipofika zamu yangu, saa moja, Mama Birgita alikuwa amefungua mlango mara tano. Mimi nilibisha mara tatu, nikasema hodi, naye akafungua akasema, "Bado niko." Nami nikajibu, "Asante Mungu." Ukawa utani wetu.

"Gladness," aliniambia Jumapili moja, macho mekundu kwa usingizi, "nina furaha sana. Nimechoka sana." Mchana huo alikwenda Ulaya kumsalimia mwenzake, akalala kwenye kochi lake mpaka jioni. Aliporudi alikuta Mama Nazari amesimama mlangoni, amefura. "Ulikuwa wapi? Tumebisha mpaka vidole vimevimba!"

Krismasi alikwenda Dar es Salaam kwa wenzake wa kazini. Tulimsindikiza mtaa mzima. Mvua zilikuwa zimeanza, zile kubwa za mwaka ule ambazo watu walijifunza kuziita El Nino, na kila mtu alikuwa anatazama mbingu na kunoa jembe. Tulipeana mikono, tukamwambia asikawie.

Hapa watu wa mbali nao watauliza alichokuja kuuliza Mama Birgita baadaye, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mpunga haulimwi karibu na nyumba. Unalimwa bondeni, ng'ambo ya Lumemo na mbali zaidi, wengine hadi Mofu. Mvua zikishika, familia inafungasha masufuria, mikeka, kuku na majembe, inafunga nyumba kwa kufuli, inahamia shambani. Huko kila mtu ana kibanda chake na dungu lake, yaani jukwaa la miti la kukaa juu na kufukuza nguruwe na ndege. Tunarudi mjini mpunga ukishavunwa. Kila mwaka ni hivyo, tangu sijazaliwa.

Mama Birgita alirudi katikati ya mwezi wa kwanza. Siku hiyo mimi nilikuwa nimetumwa mjini kufuata chumvi. Nilimkuta amekaa uani kwetu juu ya kile kinu, mkoba wake wa safari miguuni, peke yake. Kulikuwa na kufuli mlangoni kwetu, kufuli kwa Mama Nazari, kufuli nyumba ya tatu, kufuli mpaka mwisho wa njia. Majani yalikuwa yameanza kuota mahali ambapo watoto walikuwa wanacheza.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nimewakosea nini?" akauliza.

"Kutukosea?"

"Wamehama wote. Mtaa mzima. Niambie, Gladness, nilifanya nini? Ni kwa sababu nilikwenda kulala Ulaya?"

"Hapana, mama! Wamekwenda shamba."

"Watarudi jioni?"

Nilianza kujibu na nikasikia mwenyewe jinsi jibu lilivyo. "Watarudi mwezi wa sita."

Tone la maji likadondoka kutoka kwenye bati, likafuatwa na jingine. "Na hakuna aliyeniambia," alisema. Hakusema kwa hasira. Nafikiri ingekuwa afadhali angesema kwa hasira.

Nilifikiri kwa uaminifu kabisa kwa nini hatukumwambia. Mimi nililijua jambo lenyewe kama ninavyojua kwamba jioni kunakuwa giza, na hakuna mtu anayemwambia mgeni kwamba jioni kutakuwa giza. Niliikumbuka ile kalamu nyekundu ya mwalimu, nikaifukuza.

"Kule kwenye senyenge nyumba yangu bado iko wazi," alisema Mama Birgita. Akasimama, akaokota mkoba.

"Mama, niliahidi," nikasema. "Kila asubuhi. Shamba letu si mbali, ni saa moja kwa baiskeli. Nitakuja."

"Saa moja kuja na saa moja kurudi? Kwa matope haya?"

"Niliahidi," nikasema tena, na nilijisikia vizuri sana kulisema.

Jioni ile nilimweleza mama shambani. Alikuwa anakoka moto kwa kuni mbichi na moshi ulimtoa machozi, au alikuwa anacheka, sikuweza kujua.

"Hatukumwambia," nikalaumu. "Mtu ametoka kwao mbali kwa ajili ya kubishiwa hodi, tukamwacha na makufuli."

"Tungemwambiaje?" mama akasema. "Alidhani tunakula nini?"

"Nitakwenda kila asubuhi."

"Nenda. Sasa hivi ni palizi, palizi inasubiri." Akageuza kuni. "Lakini mpunga ukianza kujaa, Gladness, ndege hawasubiri. Wana asubuhi yao, nayo ni hiyo hiyo yako."

Mwaka huo mama alikuwa amenigawia sehemu yangu mwenyewe, kona ya upande wa matete. Nililima kwa mikono yangu hii iliyozoea kalamu. Mpunga wa kona ile ndio ungenipeleka Dar es Salaam baada ya mavuno na kuniweka huko mpaka nipate kazi. Hakukuwa na njia nyingine. Kaka yangu Beatus alikuwa na watoto wake, na mama alikuwa ameshanisomesha vya kutosha. Kila nilipong'oa jani nilimwona mtu anayenisubiri ofisini, amevaa tai, anasema, "Karibu, tulikuwa tunatafuta mtu aliyesomea ujirani."

Basi nikawa naondoka shambani kungali giza, navuka Lumemo kwa mtumbwi nikiwa nimebeba baiskeli begani, naingia mtaani nimejaa matope mpaka kifuani. Nabisha mara tatu. Naye, kabla sijamaliza, anafungua, amevaa amechana, chupa ya chai iko mezani. "Bado niko." "Asante Mungu." Tunakunywa chai tukitazamana na makufuli ya mtaa, halafu yeye anakwenda kwa wanafunzi wake na mimi narudi kwenye palizi.

Nilimhurumia sana kwa kuamka mapema vile. Niliona ni upweke unaomnyima usingizi. Ndiyo maana sikukosa hata siku moja.

Mwezi wa tatu, nikipita sokoni kununua kiberiti, Mwanamvua alinisimamisha barazani kwake. "Hebu njoo. Mwenzio alinunua saa ya kengele kwa Haidari. Unajua?"

"Saa ya nini?"

"Ya kumwamsha. Anasema wewe unatoka mbali, ni aibu akuache usubiri mlangoni. Kwa hiyo yeye anaamka gizani kukusubiri wewe, na wewe unaamka gizani kwenda kumwamsha yeye." Aliweka mikono kiunoni. "Nyie mnalala saa ngapi?"

"Dada Mwanamvua, hili ni suala la utu."

"Haya. Utu wako ukamulie maji nje, unanichafulia baraza."

Nilipanda baiskeli nikiwa nimeudhika. Ningeweza kumwambia Mama Birgita tupumzike, naye nadhani angeweza kuniambia mimi. Lakini nilifikiri, nikimwambia atadhani nimechoka naye. Baadaye alinieleza kwamba yeye alifikiri akiniambia nitadhani hanihitaji. Tukaendelea kuamshana.

Mwezi wa nne mpunga ukaanza kujaa, na mwisho wake wakaja kwelea. Mtu asiyewaona hawezi kuamini. Ni ndege wadogo, ngumi moja inaweza kumficha mmoja, lakini wanakuja kama moshi wa moto wa nyika, wanageuka wote pamoja, wanashuka, na wanapoinuka kuna majani matupu. Wanakula sana alfajiri na tena jioni. Mchana wanapumzika kama watumishi wa serikali.

"Siku hizi chache tu," mama aliniambia. "Usiende. Mimi nina upande wa huku, siwezi kuwa na macho mawili kila pembe. Kona yako iko kwenye matete, ndiko wanakolala. Kaa uamie ndege wako."

"Na Mama Birgita?"

"Mama Birgita analiwa na ndege gani?"

Nilijua mama ana haki. Nililala nikigeuka. Nilimfikiria yule bwana wa ghorofa ya tatu na redio yake. Niliifikiria Dar es Salaam. Asubuhi ndege wa kwanza walipoanza kulia kwenye matete mimi nilikuwa tayari nimepandisha baiskeli begani, na mama, juu ya dungu lake, alinitazama nikienda. Nilijiambia kwamba ahadi isiyogharimu kitu ni salamu tu. Nililipenda wazo hilo mpaka kivukoni.

Nilifika mlangoni kwake kunapambazuka. Nikabisha mara tatu.

"Hodi."

Kimya. Hakikuwa kimya kabisa. Ndani kulikuwa na redio inaimba, kwa sauti ya chini.

Nikabisha tena. "Mama Birgita! Hodi!"

Redio ikaimba.

Nikapiga mlango kwa viganja viwili. Ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, haukutikisika. Nikaita jina lake mpaka jogoo wa mtaani, yule pekee aliyebaki, akanijibu. Hakukuwa na mtu wa kumwita. Mtaa mzima, sauti zile sita zilizosema mimi, mimi kabla yako, zote zilikuwa ng'ambo ya mto zikipiga kelele kwa ndege. Nikazunguka nyuma, nikaruka ua wa mabua nikachanika gauni, nikaingia kwa mlango wa jikoni, ambao ulikuwa umerudishwa tu.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Chandarua kimefungwa fundo juu. Saa ya kengele iko mezani, redio kando yake, chupa ya chai imejaa. Mama Birgita hayupo.

Nilikaa kwenye kitanda chake nikalia kidogo, kwa furaha nadhani, halafu nikakasirika, halafu nikaogopa upya. Nikachukua baiskeli nikaenda mbio mpaka sokoni. Mwanamvua alikuwa ndiyo kwanza anaweka karai la maandazi motoni.

"Mama Birgita yuko wapi? Redio inaimba na yeye hayumo!"

"Ni Haidari alimfundisha, ukitoka acha redio, mwizi atadhani upo. Kapita hapa kabla ya adhana." Mwanamvua aliangalia gauni langu lililochanika, akaniangalia usoni. "Si wewe jana uliniambia kwelea wamefika? Alipokuja dukani jioni nikamwambia, yule mtoto wako mpunga wake unaliwa kila anapokuja kukutazama. Akashika kichwa. Leo alfajiri kaja kachukua debe tupu, kaniuliza njia ya shamba kwenu. Nimempitisha darajani. Wewe umepita wapi?"

"Kivukoni."

"Basi mmepishana," akasema Mwanamvua, akatumbukiza andazi kwenye mafuta.

Nililisikia debe kabla ya kuliona shamba. Jua lilikuwa limeshapanda. Mama Birgita alikuwa amesimama juu ya dungu, sketi ameifunga kiunoni, matope magotini, analipiga debe kwa upawa na kupaza sauti kwa lugha ya kwao. Sijui alikuwa anasema nini, ila alikuwa anasema kwa moyo. Kwelea waliinuka mbele yake kwa maelfu, wakageuka angani pamoja, wakashuka upande wa matete.

Tatizo ni kwamba lile halikuwa dungu letu. Lilikuwa la Mama Nazari. Mama Birgita alikuwa amelipanda la kwanza aliloliona, na mwenyewe Mama Nazari alikuwa amekaa chini yake kwenye kivuli, anakula muhogo.

"Piga, Mama Birgita, piga!" alikuwa anamhimiza. "Usimwache hata mmoja! Wapeleke kule!"

Nilitupa baiskeli nikakimbilia kwenye kona yangu. Mpunga uliojaa huinama. Wangu ulikuwa umesimama wima, mwepesi, kila suke limenyooka mpaka ncha. Nikashika suke moja nikaliminya. Makapi. Nikashika jingine mbali kidogo. Ndege walikuwa wameshamaliza hata kuogopa, waliruka hatua mbili mbele yangu na kutua tena.

Mama alikuja kutoka upande wake na kombeo lake begani. Alisimama karibu nami.

"Nilipiga kelele," alisema. "Nilimwita ahame dungu. Kwa lile debe hakunisikia."

"Nimeona, mama."

"Ulibisha?"

"Nilibisha."

Mama alishika suke naye, akaliangalia, akaliachia. Hakusema habari ya Dar es Salaam, wala mimi sikusema. Upepo ulipita, na mpunga wote wa bonde ukalala upande mmoja isipokuwa wa kona yangu, ambao ulitikisika tu.

Nikageuka. Kutoka pale niliwaona wote. Mzee wa nyumba ya tatu alikuwa juu ya dungu lake na kofia yake ile ile. Wanawake wa ile sebule walikuwa huku na huku juu ya miti, kila mmoja umbali wa ukelele mmoja kutoka kwa mwenzake, na walikuwa wanatukanana na kujuliana hali kwa pamoja, fulani umeamkaje, fulani mbona jana hukukohoa, nani kamwona mtoto wa nani. Kumbe ndivyo walivyokuwa wanafanya kila alfajiri, wakati mimi niko njiani na baiskeli.

"Gladness!" Mama Birgita aliniona. Aliacha kupiga debe, uso umemwiva kama nyanya, akanipungia upawa. "Nimekuja ili usije! Leo nimelinda mpunga wako wote!"

Mama Nazari aliacha kutafuna. Mama yangu akanitazama. Madungu yote yakanyamaza, maana habari ilikwisha kufika kote kwamba lile shamba si langu, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Nilitembea kwenye tuta mpaka chini ya dungu la Mama Nazari. Saa moja, saa ya zamu yangu ya kubisha, ilikuwa imepita zamani. Nilikuwa na matope mpaka shingoni, gauni limechanika, na mkononi bado nimeshika suke la makapi. Nikalihamishia mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia nikagonga nguzo ya dungu mara tatu.

"Hodi," nikasema.

Mama Birgita aliinama akanitazama kutoka juu, akashusha upawa polepole.

"Bado niko," akasema.

"Asante Mungu," akaitikia mama yangu nyuma yangu. "Sasa mwambie ashuke, umwonyeshe shamba lako lilipo."